Taa Nyekundu kwenye Gari la Rajabu

Tulimzika shemeji yangu Hatibu hapa Handeni, kando ya kaka yake, na kesho yake asubuhi gari la mjukuu wangu Yusufu likakataa kuwaka. Nilikuwa mkekani na wanawake wenzangu tunachambua mchele wa matanga, nikawa namsikia anavyohangaika na ufunguo. Kimya. Hata ule mkwaruzo wa gari linalojikongoja haukuwepo. Akaitwa fundi kutoka stendi, kijana mmoja mpole jina lake Ramadhani, akaja na begi lake begani, akapiga goti kidogo, "Shikamoo bibi, poleni na msiba," kisha akafunua boneti, akagusa hapa na pale, akaingia kwenye kiti cha dereva na kucheka. "Kaka, umelala umeacha swichi wazi." Yusufu akasema ni kweli, jana jioni alikuwa anasikiliza redio, akaitwa kula, akasahau. "Basi ndiyo hivyo. Ufunguo ukilala wazi mpaka asubuhi, kwenye dashibodi hupati hata taa ya kukuonea huruma. Betri nzima, betri mbovu, yote sawa." Alisema hivyo kama mtu anavyosema maji yakimwagika ardhi hulowa. Mimi ungo uliniponyoka, mchele ukatapakaa. Mwajabu, jirani yangu wa miaka yote, akadhani ni uchungu wa shemeji yangu, akanishika bega akasema, "Lia tu, Mwantumu, usijizuie." Nami nililia, lakini siyo kwa lile alilodhani.

Mimi nilisoma hadi darasa la pili, na haya ninayoyaandika Yusufu ananisaidia kuyapanga. Lakini majina hayanitoki, wala maneno. Mtu akisema neno mbele yangu linakaa mahali pake kama kigoda. Na neno la yule kijana liliinuka likaenda moja kwa moja kukaa juu ya neno jingine, alilolisema mama mkwe wangu mbele ya watu, huko Korogwe, mwaka ule niliokuwa na mimba ya kwanza na eda kwa pamoja. Maneno hayo mawili hayawezi kukaa kigoda kimoja.

Mume wangu Rajabu alikuwa na pikapu ya kijani, akipeleka mahindi Korogwe na kurudi na sukari, sabuni na mafuta ya taa. Mdogo wake, huyu Hatibu tuliyemzika, ndiye aliyekuwa utingo wake, na kazi yake kubwa ilikuwa mabega, maana ile pikapu ilikuwa na siku zake haiwaki mpaka isukumwe. Safari ile ya mwisho Hatibu hakwenda. Kulikuwa na harusi Misima, ngoma imepamba moto, na kaka yake alimwambia mbele yangu, "Baki ucheze, bwana, gari limetulia siku hizi." Rajabu aliondoka na homa kidogo mwilini, akinywa chai ya tangawizi amesimama, kikombe akaniachia mkononi. Asubuhi ya pili yake wanawake waliokuwa wanakwenda shamba waliiona pikapu pembeni mwa njia, kati ya Sindeni na Misima, imeegeshwa vizuri kabisa, pua imeelekea Handeni. Vioo vilikuwa vimejaa umande. Waliogopa kufungua. Wakamkimbilia mama yake, Bi Mwanakombo, aliyekuwa kwenye kibanda chake cha shamba siyo mbali na pale, na yeye ndiye aliyefungua mlango. Alimkuta mwanawe ameegemea usukani kama mtu anayesikiliza kitu ndani yake. Injini ilikuwa imezima. Ufunguo ulikuwa umefunguliwa, na kwenye dashibodi ile taa ndogo nyekundu, ile inayowaka gari likitaka kuwashwa, ilikuwa inawaka. Mama aliurudisha ufunguo kama alivyokuwa akimwona mwanawe anafanya, halafu ndipo akamfumba macho. Hospitali walisema homa ilimpanda kichwani. Mama alipofika nyumbani alisema maneno machache tu: "Taa yake ilikuwa inawaka." Hakusema iliwaka namna gani, na siku ile hakuna aliyekuwa na moyo wa kuuliza.

Kwenye nyumba ile mtu mkubwa akifa, moto wa jikoni huzimwa. Mafiga yanapoa, chakula kinapikwa kwa jirani, na siku ya arobaini majivu yanazolewa na kutupwa njia panda, kisha inaombwa kaa nyumba ambayo haina msiba, linaletwa kwenye kigae, na moto mpya unaanza. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nimejifunga kaniki, natazama dunia kupitia dirisha lenye upana wa viganja viwili. Nilimwona mama mkwe siku ya arobaini anatoka jikoni na kigae cha majivu, lakini badala ya kushika njia akaenda kwenye pikapu, akafungua mlango, akainama ndani kwa muda mrefu. Mgongo wake tu ndio ulioonekana. Nikajua amekwenda kumlilia mwanawe mahali alipomkuta, nikageuza uso, maana kilio cha mzee hakitazamwi. Alipotoka alikuwa anafunika kitu kwenye majivu kwa ncha ya kidole, akaenda zake njia panda. Kaa jipya lililetwa na Mwajabu huyu huyu, akiwa msichana, amelipuliza njia nzima mpaka mashavu yamevimba. Jioni ile tulikula ugali na mlenda uliopikwa kwenye jiko letu wenyewe, na mama akasema, "Haya, ameshalala." Akanikatia kipande kikubwa cha papa kuliko cha kila mtu, kwa ajili ya mtoto.

Mimba ilipofika mwezi wa sita miguu ilinivimba ikawa kama mihogo. Mkunga akasema eda haizuii matibabu, niwe ninakwenda kuonwa Korogwe. Hatibu ndiye aliyekuwa ameshika pikapu sasa. Alinitandikia kwenye kiti gunia lililojazwa sufi, akaning'inizia kamba ya kushika, na tangu siku ya kwanza aliendesha kama amebeba mayai kwenye sahani. "Shemeji, nikikutikisa sema." Kila shimo alilizunguka, kila mtelemko alishuka nao pole pole mpaka waendesha baiskeli wakatupita wakicheka: "Dereva, unasindikiza maiti?" Mimi nilikuwa nimekaa upande wa abiria, lakini kiti cha ile pikapu kilikuwa kimoja kirefu, na katikati yetu kulikuwa na bonde lililochimbwa na mwili wa Rajabu, na harufu yake ya tumbaku na petroli ilikuwa bado imo kwenye turubai la kiti. Nikifumba macho nilikuwa nahisi watu watatu. Tulipofika pale alipokutwa, Hatibu alipunguza mwendo zaidi, akatupa jani dirishani kama wapita njia wanavyofanya mahali alipofia mtu, na midomo yake ikawa inakwenda. Sikusikia alichokuwa anasema. Nilisikia tu mwisho wake, "...nilikuwa nacheza."

Siku ile ya kwanza mvua ilitukamata Sindeni. Taa zimewashwa, vifuta kioo vinakwenda, mimi nikaomba tusimame nitapike. Tuliporudi kwenye kiti, ufunguo ulizungushwa na gari halikutoa hata pumzi. Watu wa Sindeni wakatoka kusukuma, wakaniona mimi na kaniki yangu, mmoja akasema chini chini lakini nilimsikia, "Si ndiyo gari la yule? Na huyo si ndiye mjane?" Betri ikapelekwa kuchajiwa Korogwe, na wiki mbili nzima Hatibu akawa anakwenda na kurudi peke yake bila tatizo, anaingia uani anapiga honi na kuimba. Safari yangu ya pili, gari likafa tena, mara hii njia ya kurudi, karibu kabisa na lile jani. Baada ya hapo hakuna aliyenong'ona. Walisema wazi.

Chumba changu na sebule viligawanywa na ukuta wa udongo usiofika kwenye dari, kwa hiyo kila kilichosemwa sebuleni kiliruka juu na kunidondokea kitandani. Mzee Salehe, baba mdogo wa Rajabu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Hakuwa mtu mbaya, naomba mjue hivyo. Alikuwa mtu aliyeogopa wafu kuliko walio hai, na sauti yake ilikuwa nzito kama mchi. "Likimbeba mjane, linakufa. Likiwa bila mjane, linakwenda. Mnataka ushahidi gani tena? Rajabu anamkataa mkewe." Hatibu akasema, "Baba mdogo, gari ni chuma." "Na wewe ni mtoto. Mtu kafa peke yake njiani, ufunguo umefunguliwa, taa inawaka. Alikuwa anamwita mtu, na huyo mtu hakuja. Mnadhani anayekufa hivyo analala?" Hapo sauti ya Hatibu ilikatika kabisa. Kisha Mzee Salehe akasema lile nililokuwa nalisubiri: nijifungue, mtoto nimnyonyeshe mpaka aache ziwa, halafu nirudishwe kwetu Vugiri, na mtoto abaki kwa ukoo wake. "Tumlinde mtoto na hasira ya baba yake." Nikasikiliza nisikie mama mkwe atasemaje. Nilisikia kikombe kinawekwa kwenye kisahani. Akasema, "Kwanza nataka nikaone kwa macho yangu." Usingizi wangu wa mchana ulikwisha siku ile. Nilikaa nimeshika tumbo kwa mikono miwili, kama kuna mtu tayari mlangoni.

Kwa hiyo safari ya tatu tulikwenda wote. Mama mkwe alibanana nami mbele, Mzee Salehe alikataa kukaa kiti kile, akapanda nyuma juu ya magunia na mwavuli wake. Hatibu aliendesha pole pole kuliko siku zote, kwa kuwa sasa alikuwa amebeba mjamzito na wazee pia. Kulikuwa na ukungu, taa zinawaka mchana. Nilisali njia nzima gari lisife, na nilivyozidi kusali ndivyo nilivyoona mwanga wa taa unakuwa wa njano, kisha wa kahawia, kama chai inayomiminiwa maji. Tulivuka daraja la Mto Pangani. Mbele kidogo injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Kutoka nyuma ikaja sauti ya mwavuli unagongwa kwenye bati mara moja tu. Mama mkwe hakunitazama. Alikuwa anatazama dashibodi.

Trekta la shamba la mkonge ndilo lililotuvuta mpaka Masuguru, kwenye uwanja wa fundi Joakimu. Babu yake alikuja kukata mkonge kutoka mbali sana, na yeye alizaliwa kambini, Kiswahili chake kikiwa cha watu wa makabila kumi. Alikuwa mrefu, kimya, mwenye mikono iliyokwisha kuwa rangi ya oili. Alitusikiliza, maana Mzee Salehe alimweleza kila kitu, mjane, marehemu, jani, yote, na alipomaliza fundi akasema, "Poleni. Kesho nitaangalia. Leo mvua." Mkewe, Mama Agripina, akatoka jikoni anapangusa mikono, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alitutazama mmoja mmoja, akaniona miguu. "Nani kamsimamisha huyu? Ingia ndani, mwanangu, ulale!" Kisha akamkamata jogoo akamkabidhi Mzee Salehe. "Mzee, chinja wewe mwenyewe, na sufuria hii haijaona kitimoto tangu iliponunuliwa, naapa." Mzee Salehe, aliyekuwa amenuna tangu darajani, akasema, "Unaapa kwa nani?" "Kwa wangu na kwa wako, nisikose pa kushika." Nilimwona Mzee Salehe anakwenda nyuma ya nyumba na jogoo kwapani, mabega yanamtikisika, akijitahidi asionekane anacheka. Tulikula wali kwa mchuzi wa jogoo yule na magimbi yaliyochemshwa, na nadhani ndicho chakula cha kwanza tangu Rajabu afe nilichosikia ladha yake.

Nililazwa chumba cha binti yao, ukuta wa mbao, na upande wa pili mume na mke walikuwa wanakunywa chai wakati mvua inapiga bati. "Joakimu, utawaambia nini watu hawa?" "Nitawaambia nitakachokiona." "Usipoona kitu?" "Hakuna gari lisilo na kitu." "Mimi nakuuliza usipoona. Yule binti atanyang'anywa mtoto." Kijiko kinazunguka kikombeni. "Mama Agri, mimi ni fundi, siyo hakimu." "Basi kesho uwe fundi sawasawa," akasema, na nikasikia kiti kinavutwa.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Wametoa viti vinne, sisi tumekaa mstari kama watu waliokuja kuposa. Fundi aliazima betri nyingine iliyojaa, akaifunga. Akaanza na mkanda, akaubonyeza kwa dole gumba, akatikisa kichwa kwamba hauna neno. Akasafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto, akafuata waya mmoja baada ya mwingine kwa vidole, akiwa amefumba macho. Kisha akaigusa ile mashine yenyewe ya kuzalisha umeme, iliyo ubavuni mwa injini. "Hii ndiyo altaneta. Gari likitembea hii ndiyo inayorudishia betri kilichotumika. Isipofanya kazi, betri inaliwa mpaka inakwisha, na gari linazima. Tuone kama ni mgonjwa." Pikapu ilikuwa imeelekezwa kwenye kibanda chenye giza. Akamwambia Hatibu awashe injini na taa. Mwanga ukaanguka kwenye ukuta wa mabanzi, wa njano. "Kanyaga mafuta kidogo." Njano ile ile. "Kidogo tena." Vile vile. Mzee Salehe akajikohoza. "Sasa kanyaga kama unavyokanyaga ukiwa peke yako." Hatibu akasita, akanitazama, akakanyaga. Injini ikalia, na ghafla ukuta ukawa mweupe. Mweupe kama shuka. Mama Agripina akapiga kigelegele kifupi kabla hajajua anashangilia nini. Hatibu akaachia mafuta, injini ikatulia, na ukuta ukabaki mweupe.

Fundi akaweka mkono kiunoni. "Siyo mgonjwa. Amelala. Ukimpigia kelele anaamka, na akishaamka halali tena mpaka uzime gari. Usipompiga kelele hafanyi kazi hata uende Tanga na kurudi." Akamgeukia Hatibu. "Ukiwa peke yako unaendeshaje?" "Nakanyaga, fundi." "Na ukiwa na shemeji yako?" Hatibu akashusha macho. "Kama nimebeba mayai." Nilihisi macho yote yanashuka kwenye tumbo langu, lakini kwa mara ya kwanza mwaka ule hayakuwa mazito. Fundi hakuwa amemaliza. "Zima. Fungua ufunguo tu, usiwashe." Akainama kutazama dashibodi. "Kuna taa nyekundu hapa. Iko wapi?" Akapitisha mkono nyuma, akavuta kishikilio, akakitazama kwenye mwanga. Kilikuwa tupu. "Haikuungua. Imetolewa."

"Nimeitoa mimi," mama mkwe akasema.

Alisema akiwa amekaa wima, mikono mapajani. Akaeleza bila kumtazama mtu: kwamba siku ya arobaini alizima moto wa mwanawe jikoni, lakini mwanawe hakuwa mtu wa jikoni, moto wake ulikuwa ule, mdogo, mwekundu, alioukuta unawaka peke yake asubuhi ile. "Ningeuachaje? Angelala vipi?" Akautoa kwa vidole na kisu, akaufunika majivu, akautupa njia panda. Mama Agripina alifunika mdomo kwa kanga. Mzee Salehe aliinama, na nadhani ndipo alipoelewa kwamba lililofanywa lilikuwa sahihi kwa namna yake yote, na kwamba ndilo lililokuwa linaliua gari. Fundi akachuchumaa mbele ya mama, magoti yake yakalia. "Mama, kwenu moto ukishazimwa, mpya mnautoa wapi?" "Tunaomba kaa kwa jirani." "Sasa altaneta ni hivyo hivyo. Yenyewe haiwezi kujianzishia. Inaomba kaa kwa betri, kidogo tu, na hilo kaa linapita kwenye ile taa nyekundu. Ukiitoa taa, njia ya kuombea moto imekatika." Mama akasema, "Kwa hiyo nilizima, sikuwasha tena." "Ndiyo, mama." "Jikoni niliwasha." "Jikoni uliwasha. Huku ulisahau."

Kulikuwa na lori bovu pembeni, limeota majani mpaka madirishani. Fundi alichomoa taa kwenye dashibodi lake, akaifuta kwa shati, akaiweka. Kisha akampa mama mkwe ufunguo. Bi Mwanakombo hakuwahi kukaa kiti cha dereva maisha yake. Aliingia, akakaa kwenye lile bonde la mwanawe, akafungua ufunguo, na taa nyekundu ikawaka. Nilimwona uso. Sitauelezea. Hatibu akapitisha mkono dirishani akamsaidia kuzungusha, injini ikaunguruma, na taa ikazimika. "Imekufa!" mama akapiga kelele. "Mama, ikizimika ndiyo heri," fundi akasema. "Kaa likishawasha jiko, nani analitazama tena?"

Pengine yangeishia hapo, lakini Mzee Salehe alikuwa mtu wa kufika mwisho wa jambo. Alisimama, akaegemea mwavuli. "Fundi, umenifundisha, nashukuru. Mjane simsemi tena. Lakini nina neno moja. Siku ile hii taa ilikuwepo, na gari lilisimama. Rajabu alifungua ufunguo akafia hapo. Sasa niambie, gari lilimkatalia? Alikuwa anahitaji msukumaji, hakumpata?" Aliuliza kwa nia njema, kama anayefunga mlango wa mwisho. Lakini mimi nilikuwa namtazama Hatibu. Alikuwa ameshika mlango wa pikapu, na vidole vyake vilikuwa vyeupe. Nikamwona pale jinsi alivyokuwa miezi yote ile, akiendesha pole pole, akitupa majani. Fundi akasema taratibu, "Inategemea taa ilikuwa inawakaje." Na wote tukamgeukia mama mkwe, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyefungua mlango ule.

Akashuka kwenye gari. Akajifunga kanga yake upya. Akasema, "Ilikuwa inawaka kama kaa lililopulizwa. Nyekundu, kali. Iliniumiza macho."

Fundi Joakimu alimtazama. Aliokota kitambaa akawa anafuta mikono, kidole kimoja kimoja, na mikono ile haikuwa michafu kuliko kawaida. Alifungua mdomo, akamtazama Hatibu, akaufunga. Halafu akasema, "Basi betri ilikuwa nzima. Gari lilikuwa tayari kumchukua. Yeye ndiye aliyekuwa ameshaitwa." Mzee Salehe akasema, "Alhamdulillahi." Hatibu akateleza kwenye ubavu wa gari mpaka akakaa chini kwenye oili, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya maziko, na mama yake akasimama juu yake, mkono kichwani pake, akitazama mbali, upande wa milima ya Vugiri.

Sikurudishwa kwetu. Nilijifungua mvulana, nikampa jina la baba yake, na ndiye baba wa huyu Yusufu. Wakati wa kurudi Handeni siku ile, Hatibu hakutupa jani. Alioa Misima, akaendesha malori miaka zaidi ya thelathini, Moshi, Mbeya, mpaka nchi za watu, na mabetri aliyoyazika hayana idadi. Mama mkwe alifariki mwanangu akiwa anatahiriwa, na hakuwahi kuigusa tena habari ile. Mara moja tu, nikimsuka nywele, nilimwambia, "Mama, ile taa yake ilikuwa nzuri, eh?" Akasema, "Suka, mwanangu, usiivute."

Hatibu alipolazwa nilikwenda kumwona. Alikuwa amekwisha kuwa mdogo kitandani, mabega yale yote yamekwenda. Nilimlisha uji, na katikati ya uji akaniuliza, "Shemeji, mama alisema iliwaka kama kaa, siyo?" Nikamwambia, "Kama kaa lililopulizwa. Mimi nilikuwepo." Akatabasamu, uji unamtoka pembeni ya mdomo. Akasema, "Mama, masikini, hakuwahi kujua magari." Mimi nilicheka, nikamfuta mdomo, nikamwambia ni kweli, hakujua hata mlango unafungukia upande gani. Tulicheka pamoja. Nikadhani tunacheka jambo moja.

Yule Ramadhani alileta betri nyingine, akaunganisha nyaya, gari la Yusufu likawaka. Tulipoondoka matangani nilikaa mbele. "Bibi, funga mkanda," Yusufu akaniambia. Nikamwambia, "Zima kwanza. Halafu fungua ufunguo tu, usiwashe." Alinishangaa, lakini ni mtoto mwenye adabu, akafanya. Taa zikawaka kwenye dashibodi, nyingi siku hizi, za rangi rangi, na kati yao ilikuwemo ile nyekundu yenye picha ya betri. Niliitazama mpaka macho yakanilengalenga. Nilijaribu kuwaza itakuwaje ikikaa hivyo mpaka alfajiri, ikififia kidogo kidogo, na umande kwenye vioo, na mtu ameegemea usukani anasikiliza kama kuna mtu anakuja njiani kumsukuma.

"Bibi, twende?"

"Subiri kidogo," nikamwambia. "Bado inawaka."